Walikesha Wakaitwa Vichaa: Stori ya Kukosa Usingizi, Kuanzia Marenga Mkali Mpaka Venice

Ingia mtandaoni saa nane usiku uone. Watu wapo! Mmoja kaandika "nani yuko macho?", wa pili kamjibu kwa picha ya bundi, wa tatu anasema wiki nzima hajalala vizuri na anaomba atajiwe kidonge. Halafu lazima atokee mjuaji: "Wewe una ule ugonjwa wa kurithi wa Italia, ukikupata hulali mpaka unakufa." Basi, hata ule usingizi kidogo uliokuwa unanyemelea unakimbia.

Leo tukae na hii stori vizuri, maana ina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa kwetu, uwanda wa kati: Dodoma, Singida, Tabora. Ukiifuatilia utaona jambo moja linajirudia. Kila zama, mtu aliyepata shida ya usingizi alipewa jina kabla hajapewa tiba. Karogwa huyo. Mlevi huyo. Mvivu. Chizi. Na mara nyingi lile jina ndilo lililomchelewesha kupona.

WALIONYIMWA USINGIZI

Tuanze kabla ya treni. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, mzigo wote wa kutoka pwani kwenda bara na kurudi ulipita kichwani na begani kwa watu. Pembe za ndovu, vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 na ushee, na njia yake ilikatiza Ugogo.

Kipande kilichoogopwa kilikuwa nyika kavu kati ya Mpwapwa na Ugogo, iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali, maji ya chumvi. Henry Stanley aliyepita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone aliandika kwamba ni zaidi ya maili 30. Huwezi kuivuka kwa mwendo wa kawaida wa asubuhi tu, kwa sababu maji hakuna. Kwa hiyo misafara ilitumia mwendo walioujua kwa jina la terekeza: watu wanakula na kunywa mchana, wanajitwisha mizigo jua likiwa bado kali, wanatembea mpaka giza, wanajinyoosha porini kidogo bila maji, na kabla hakujapambazuka wako njiani tena.

Wale watu walikuwa na usingizi tele, ila hawakupewa nafasi ya kulala. Tofauti hii ishike, maana ndipo watu wengi wanapojichanganya. Bodaboda anayekimbiza kichwa mpaka saa tisa usiku, mlinzi, nesi wa zamu, dada wa baa, mwanafunzi wa UDOM anayepiga msuli wiki ya mtihani: hawa wamenyimwa nafasi. Ukiwapa kitanda na ukimya, wanazima kama taa. Mwenye ugonjwa wa kukosa usingizi ni yule aliyepewa vyote, kitanda kipo, giza lipo, kesho hana kazi, na bado anahesabu mbao za dari. Wote wawili asubuhi wana macho mekundu, lakini dawa yao si moja.

MALALE: UGONJWA ULIOPEWA NUSU YA JINA

Sasa twende kwenye ugonjwa ambao uwanda wetu unaujua kwa machungu. Malale. Jina lenyewe linakudanganya, unadhani mgonjwa analala tu. Ukweli ni kwamba ugonjwa unapindua saa ya mwili. Mchana mgonjwa anasinzia mahali popote, kijiko mkononi, jembe mkononi. Usiku, wakati wenzake wanakoroma, yeye yuko macho anazunguka. Usingizi wake unakatikakatika na kutawanyika kwenye saa zote 24.

Anayeuleta ni mbung'o, wengine wanamwita ndorobo. Akikuuma akiwa na vimelea, mwanzoni unapata homa, kichwa, viungo, kitu ambacho kila mtu atasema ni malaria. Vimelea vikishaingia kwenye ubongo ndipo usingizi unavurugika, halafu tabia. Mtu mpole anakuwa mkali. Mtu msafi anaacha kuoga. Anaongea peke yake. Aina inayopatikana Tanzania inakwenda kasi, ndani ya wiki au miezi michache, na bila matibabu inaua.

Hebu jiweke kijijini miaka ile, hakuna darubini, hakuna daktari. Jirani yako anasinzia shambani mchana, utasemaje? Mvivu. Usiku anatangatanga na kuongea ovyo, utasemaje? Mchawi, au karogwa. Akimpiga mkewe? Kichaa, afungwe kamba. Mtu ana kimelea kwenye ubongo, na kijiji kizima kinajadili tabia yake.

Historia ya ugonjwa huu imeshikana na historia ya nchi yenyewe. Miaka ya 1890 sotoka iliingia na kufyeka ng'ombe Afrika Mashariki nzima, na wafugaji wa uwanda wa kati, Wagogo wakiwemo, waliumizwa vibaya. Ng'ombe wakiisha, majani hayaliwi, vichaka vinaota. Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya pande zote mbili yakachukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Ugogo ikaangukia kwenye njaa kubwa inayokumbukwa mpaka leo kwa jina la Mtunya. Watu wakifa na wengine wakihama, mashamba yanarudi kuwa pori. Na pori ndilo nyumba ya mbung'o.

Upande wa Ziwa Victoria hali ilishakuwa mbaya mapema zaidi. Uganda peke yake, kati ya mwaka 1900 na 1920, makadirio ni kwamba watu kama 250,000 walikufa kwa malale. Robert Koch, yule mtaalamu wa Kijerumani aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, alikuja ziwani mwaka 1906 na kuwapa wagonjwa dawa ya atoksili yenye asili ya sumu ya aseniki. Baadhi yao walipofuka macho moja kwa moja. Ndiyo bei iliyolipwa na watu ambao majina yao hayapo kwenye kitabu chochote.

Waingereza walipochukua Tanganyika, walikuja na mbinu ya kuhamisha watu. Miaka ya 1920 na 1930, hasa upande wa magharibi na Tabora, familia zilizotawanyika porini zilikusanywa kwenye makazi makubwa ili wafyeke pori kwa pamoja na mbung'o akose kivuli. Shinyanga, Charles Swynnerton aliongoza idara ya utafiti wa mbung'o, na maelfu ya Wasukuma walitoka na mashoka kufyeka vichaka. Malale ilipungua, hilo halina ubishi. Lakini watu waliacha makaburi ya babu zao, mizinga yao ya nyuki na mashamba yao, na sehemu ya ardhi waliyoondolewa baadaye ikawa mapori ya hifadhi. Mzee akikwambia "kwetu ni kule porini", pengine hatanii.

Siku hizi malale imepungua sana nchini, lakini haijaisha. Wanaohatarika zaidi ni warina asali, wawindaji, wachungaji na wanaofanya kazi hifadhini. Habari njema ni upande wa dawa. Kwa miongo mingi hatua ya pili ya ugonjwa ilitibiwa kwa melasopro, nayo yenye aseniki, ambayo yenyewe iliua karibu mgonjwa 1 kati ya 20. Sasa kuna vidonge vya feksinidazo, na Shirika la Afya Duniani limeviingiza kwenye mwongozo wake wa mwaka 2024 hata kwa aina ya malale tuliyonayo sisi. Kutoka sindano ya sumu mpaka kidonge cha kumeza, si safari ndogo hiyo.

MIREMBE NA UTANI WETU

Sasa tuje mjini. Ukitaka kumnyamazisha mtu Tanzania hii, mwambie "wewe wa kupelekwa Mirembe." Tunacheka, tunasonga. Mirembe yenyewe ilianzishwa Dodoma mwaka 1927, enzi za Mwingereza, na leo ndiyo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Pembeni yake kuna Isanga, inayohudumia watu waliopitia mahakamani wakiwa na ugonjwa wa akili. Kabla ya hapo, enzi za Mjerumani, wamisionari walikuwa na kituo cha wagonjwa wa akili Lutindi, kwenye milima ya Usambara.

Hospitali za enzi zile, hapa na Ulaya, zilikuwa za kuwaweka watu mbali zaidi kuliko kuwatibu. Dawa za maana za magonjwa ya akili zilianza kupatikana miaka ya 1950. Kwa hiyo picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya ukuta na geti: ukiingia humo umekwisha. Picha hiyo imerithishwa kutoka kwa bibi mpaka kwa mjukuu mwenye simu ya kisasa.

Madhara yake ni haya. Kukosa usingizi ni moja ya dalili za mwanzo kabisa za sonona na wasiwasi uliopitiliza. Ni mlango ambao ugonjwa unapita ukiwa bado mdogo, bado unatibika kirahisi. Lakini kijana wa Dodoma akiwa na mwezi wa tatu halali, atakwenda duka la dawa kuomba valiamu, atakwenda kwa mganga, atakwenda kwenye maombi ya mkesha (asiyelala anapelekwa mkesha!), atakunywa bia tatu za kulalia. Atakwenda kote huko, kasoro kwa mtaalamu wa afya ya akili, kwa sababu anaogopa kuonwa getini. Utani wetu ndio unaomfungia mlango.

UKOO WA VENICE

Sasa tumfikie yule mjuaji wa mtandaoni na ugonjwa wake wa Italia. Upo kweli, na stori yake inatisha.

Kuna ukoo mmoja wa maeneo ya Venice ambao kwa zaidi ya miaka 200 watu wake walikuwa wanakufa kifo cha aina moja. Mtu anafika umri wa makamo, mara nyingi miaka 50 hivi, mzima wa afya. Ghafla anaanza kutoka jasho jingi, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, moyo unakwenda mbio. Usingizi unakata. Baada ya hapo anayumba akitembea, maneno yanakwama, anabaki katika hali ya nusu ndoto nusu macho. Wengi hufa ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi. Na huko Ulaya ya wasomi, unajua waliwaita nini? Vichaa. Walevi. Wenye ugonjwa wa ubongo usioeleweka. Familia yenyewe iliona aibu, wakawa hawazungumzi.

Aliyevunja ukimya ni daktari wa kawaida tu, Ignazio Roiter, aliyeoa binti wa ukoo ule. Alipoona ndugu za mkewe wanakufa hivyo hivyo, akaanza kupekua madaftari ya kanisa, nani alikufa lini, mzazi wake nani. Akaona mstari wa damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mjomba wa mkewe, mwanaume wa miaka 53, alipoanza dalili, alipelekwa Bologna kwa profesa Elio Lugaresi, bingwa wa usingizi. Alirekodiwa, alipimwa, na akafa baada ya miezi tisa ya ugonjwa. Ubongo wake ulionyesha kwamba talamasi, sehemu ya katikati inayoshiriki kupitisha taarifa na kuruhusu usingizi, ilikuwa imeharibika vibaya. Mwaka 1986 ugonjwa ukatangazwa rasmi. Mwaka 1992 ikajulikana chanzo chake ni kasoro kwenye jeni moja iliyoko kromosomu ya 20.

Jeni hiyo inatengeneza protini inayoitwa prioni. Kila mmoja wetu anayo. Ikikunjika vibaya inazishawishi nyingine nazo zijikunje vibaya, kama mtu mmoja kwenye foleni akianza kusukuma wote wanasukumana. Ni familia moja na ule ugonjwa wa ng'ombe vichaa uliotikisa Uingereza. Stanley Prusiner aliyeeleza jambo hili alichekwa miaka mingi, kisha mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel.

Mzazi mwenye kasoro hiyo, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi. Marekani kuna mwanasheria kijana, Sonia Vallabh, ambaye mama yake alifariki mwaka 2010 kwa ugonjwa wa prioni. Mwaka uliofuata akapimwa, akakutwa ameirithi kasoro ya jeni. Yeye na mumewe, Eric Minikel, waliacha kazi zao, wakarudi shule kuanza upya, wakasomea biolojia mpaka udaktari wa falsafa. Leo wanaongoza utafiti wa tiba, na dawa za kupunguza protini ile mwilini zimeanza kujaribiwa kwa watu. Tiba bado haijapatikana. Ila angalau adui ana jina lake halisi.

KWA HIYO MIMI NINAO?

Kwa hakika karibu yote, hapana. Ugonjwa huu unajulikana kwenye familia chache tu duniani. Na hauji peke yake kama kukosa usingizi. Unakuja na kuyumba, kusahau, jasho, kuongea kwa shida, kukonda, na unaporomoka haraka. Kama una miaka 24, unatembea sawa, umefaulu mtihani, ila hulali, tafuta sababu karibu zaidi na nyumbani.

Sababu zenyewe ni hizi. Mawazo: mkopo wa kausha damu, mkeka uliochanika, mapenzi, ajira. Dodoma ina la ziada. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini kuhama kwenyewe kulishika kasi mwaka 2016, na watu wengi wakajikuta chumba kimoja hapa huku mke, mume na watoto wako Dar. Upweke hauna kelele, ila unakesha. Kisha kuna simu mkononi, vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu, kahawa ya jioni, na mirungi, ambayo hapa nchini ni marufuku lakini tunajua. Pombe nayo inakulaza mapema na kukuamsha saa tisa.

Kuna sababu za mwili pia. Kisukari kinachokuamsha kwenda haja ndogo mara nne, tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi, maumivu, kukoroma kunakokata pumzi. Baadhi ya dawa nazo zinahusika. Efavirenzi, iliyotumika miaka mingi kwenye dawa za kufubaza VVU, ilijulikana kwa ndoto kali na usiku mrefu, na hata dolutegravira iliyochukua nafasi yake inawasumbua baadhi ya watu. Hapo usiache dawa! Mwambie mhudumu wako, huenda kubadili tu saa ya kumeza kukatosha. Na ule mkandamizo wa jinamizi, unaamka huwezi kujisogeza na unahisi mtu kifuani, ni ubongo ulioamka kabla ya misuli. Unatokea zaidi kwa aliyechoka na asiye na ratiba ya kulala.

Kipimo cha kawaida cha wataalamu: shida ya usingizi mara tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, na mchana wako unaathirika. Ukifika hapo hilo ni tatizo la hospitali. Na tiba inayopendekezwa kwanza si kidonge. Ni mazungumzo na mazoezi ya kubadili tabia ya kulala: amka saa ile ile kila siku hata kama hukulala, kitanda kiwe cha kulala tu na si ofisi wala sinema, ukikaa muda bila usingizi inuka ukakae kwingine kwenye mwanga hafifu mpaka ukujie, usijilazimishe. Wiki chache, mwili unajifunza upya. Valiamu ya kununua kiholela inazoeleka haraka, na kuiacha ghafla baada ya muda mrefu ni hatari.

Kama umerudi kutoka porini Tabora, Katavi au pembeni ya hifadhi, ukapata homa isiyoisha na usingizi umegeuka mchana kwa usiku, mwambie daktari waziwazi ulikokuwa. Kipimo cha damu kinaweza kuokoa ubongo wako. Na kama usiku unakuletea fikra za kujidhuru, usisubiri miezi mitatu. Mwamshe mtu usiku huo huo, mwende hospitali iliyo karibu.

Yule mpagazi wa Marenga Mkali hakuwa na wa kumuuliza. Mgonjwa wa malale wa mwaka 1925 aliitwa mvivu mpaka akafa. Ukoo wa Venice ulificha miaka 200, na siri ilipovunjwa ndipo sayansi ikaanza kuwafaa. Sisi tuna hospitali, tuna dawa, tuna hata mabingwa hapa hapa Dodoma. Tulichobakiza ni ule utani wa geti, na huo hauhitaji bajeti ya serikali kuuacha.

Haya, wadau, kwenu mambo haya yaliitwaje? Malale, jinamizi, au mtu asiyelala, wazee walisemaje? Tuandikie hapo chini. Majina ya watu tuyaache, stori ndiyo tunaitaka.